Gemu yako ina giza lakini haina usiku: kutafuta kosa lilipo

Malalamiko ya giza katika gemu huja kwa maneno mengi, lakini ukiyachuja yanabaki mawili. La kwanza: "Sioni kitu." La pili: "Naona, ila sisikii chochote moyoni." Lile la kwanza mara nyingi ni kosa la skrini au la injini (programu unayojengea gemu na inayoiendesha), na dawa yake inajulikana. Lile la pili ni kosa la uamuzi: mtengenezaji amepunguza mwanga kabla ya kuamua giza hilo linaficha nini, linamficha nani, na mchezaji anaweza kulifanyia nini.

Kinachoharibu gemu nyingi nzuri za vijana wetu hapa Uganda, kuanzia Kampala hadi Arua, ni kuchanganya dawa. Mtu anasema pori halitishi, mtengenezaji anazidisha giza. Mwingine anasema haoni, mwanga unarudishwa. Taa zinasogezwa huku na huko mpaka hakuna anayekumbuka hali ya mwanzo ilikuwaje, na pori bado halitishi. Kwa hiyo lisake kosa kwa mpangilio: skrini kwanza, kisha injini, kisha taa zenyewe, na uamuzi mwisho. Ukigusa taa kabla hujahakikisha kwamba skrini inasema kweli, kila utakachobadilisha baadaye kitakuwa cha kubahatisha.

"Kaka, mbona sioni kitu?"

Wewe unaona, yeye haoni. Anza na macho yako mwenyewe. Wengi wetu tunatengeneza gemu usiku, kazi za mchana zikiisha, taa ya chumba ikiwa imezimwa. Jicho likikaa gizani huendelea kujizoesha kwa takriban nusu saa, kwa hiyo saa nne usiku unaona kwenye skrini vitu ambavyo mtu aliyetoka nje adhuhuri hawezi kuviona hata akikodoa. Jua la utosi hufikia luksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Chumba chenye balbu moja hakifiki hata elfu moja. Mchezaji wako aliyekaa kwenye kibanda cha mabati, mlango wazi ili hewa ipite, yuko katikati ya hali hizo mbili. Mwanga wa mlangoni unaigonga skrini na kumrudia usoni, na vile vivuli ulivyovipanga kwa uangalifu vinamezwa vyote.

Kisha itazame skrini yenyewe. Skrini nyingi za zamani za ofisini, zile zinazouzwa mitumba, ni za paneli ya TN: ukikaa chini kidogo au ukisimama, weusi wake unabadilika. Simu nazo zinatofautiana. Kwenye paneli ya OLED pikseli nyeusi imezimika kabisa, kumbe kwenye LCD taa ya nyuma inawaka muda wote na weusi unaoupata ni kijivu kilichokolea. Gemu iliyopangwa kwenye moja wapo tu itamkosea mwenye nyingine.

Sababu ya tatu husahaulika sana, nayo ni waya wa HDMI. Mwangaza wa kila pikseli unaweza kutumwa kwa namba 0 (weusi) hadi 255 (weupe), au kwa 16 hadi 235 kama desturi ya televisheni ilivyo. Kompyuta ikituma 0 hadi 255 kwa televisheni inayosubiri 16 hadi 235, kila kilicho chini ya 16 kinageuka weusi mmoja usio na kitu ndani. Ukisikia kwamba wanaocheza kwenye kompyuta wanaona vizuri na wa televisheni hawaoni, usiguse gemu. Rekebisha kwenye mipangilio ya kadi ya picha au ya televisheni.

Kwa yote matatu, weka mwanzoni mwa gemu ukurasa wa kurekebisha mwangaza. Onyesha alama tatu juu ya weusi: moja ionekane wazi, ya pili ionekane kwa shida, ya tatu isionekane kabisa, na mchezaji asogeze kipimo mpaka ziwe hivyo. Kipimo hicho kiwepo pia kwenye menyu ya kusimamisha gemu, kwa sababu mtu huanza kucheza mchana na kumaliza usiku. Halafu jiwekee sheria: kitu ambacho mchezaji lazima akione ili aendelee, kama mlango, ukingo wa shimo au ufunguo, kisiwe chini ya namba 30 kati ya 255. Chini ya hapo weka vile tu ambavyo hakuna hasara visipoonekana.

Ukiendesha gemu, giza si lile uliloliona ulipokuwa unaitengeneza

Kwa anayetumia injini ya Godot 4, sababu karibu kila mara ni moja. Dirisha la kutengenezea lina jua na anga za muda, zilizowekwa ili uweze kuona unachojenga. Hizo hazimo ndani ya gemu. Ukibonyeza kuendesha zinatoweka, na kama hukuweka taa wala mazingira yako mwenyewe, unapata weusi mtupu. Zima zile za muda tangu siku ya kwanza, weka nodi zako za DirectionalLight3D (jua) na WorldEnvironment (anga na mazingira), ufanye kazi ukiona kile atakachokiona mchezaji.

Kwenye injini ya Unity dalili huja kwa njia nyingine: eneo la kwanza liko sawa, lakini ukihamia la pili kutoka ndani ya gemu linakuja limefifia. Mara nyingi ni kwa sababu data ya mwanga wa eneo hilo haijazalishwa. Fungua eneo lenyewe, zalisha mwanga kwenye dirisha la Lighting, hifadhi, jaribu tena.

Unapunguza taa, chumba kinarudi kung'aa

Hili limewachosha watu wengi wa injini ya Unreal. Umezima taa zote isipokuwa mshumaa mmoja, lakini baada ya sekunde chache chumba kizima kinaonekana kama saa tisa alasiri. Hujakosea kuweka taa. Injini hiyo ina kamera inayojizoesha kama jicho: picha ikiwa nyeusi inaongeza mwangaza, ikiwa nyeupe inaupunguza, na kipengele hicho, Auto Exposure, huja kikiwa kimewashwa. Kila unapopunguza taa, chenyewe kinazirudisha. Nenda kwenye PostProcessVolume (panapowekwa mipangilio ya kamera hiyo), weka kiwango cha chini na cha juu viwe sawa, au chagua hali ya mkono. Panga taa zako zote hivyo. Ukimaliza unaweza kukirudisha kidogo kidogo. Chini hapa nitaeleza ni wapi kinafaa sana.

Kama si hicho, basi ni mwanga wa anga. Unity ikikupa eneo jipya inakupa pia jua na anga inayomwaga mwanga kila upande, mpaka ndani ya chumba kisicho na dirisha. Chumba kimefungwa, taa zimezimwa, na bado unaona kila kona, tena bila kivuli hata kimoja. Shusha mwanga huo wa jumla mpaka karibu na sufuri, lakini usiufute kabisa. Acha chembe ya bluu au ya zambarau, maana weusi kamili kwenye skrini huonekana kama sehemu iliyoharibika.

Weusi umekuwa kijivu, picha imepauka

Kwanza ni ule mkanganyiko wa HDMI, safari hii ukiwa umegeuka: kompyuta inatuma kuanzia 16, skrini inasubiri kuanzia 0, na weusi wako unafika ukiwa kijivu. Pili ni ukungu uliopewa rangi nyepesi kuliko usiku wenyewe. Ukungu wa usiku uchukue rangi ya anga iliyo nyuma yake. Tatu ni jinsi injini inavyopiga hesabu za mwanga.

Hili la tatu lifahamu vizuri. Namba zilizo kwenye picha haziendi sambamba na mwanga halisi: nusu ya mwanga halisi huandikwa 188, si 128. Injini ikijumlisha taa kwa kutumia namba za picha moja kwa moja, taa mbili zikikutana zinaungua haraka kuwa nyeupe, na mahali mwanga unapoishia panakatika ghafla. Kwenye Unity angalia Color Space ndani ya Player Settings; iwe Linear. Ibadilishe mapema, kwa sababu ukiibadilisha mwishoni taa zote zitahitaji kupangwa upya.

Mistari na mabaka kwenye anga la usiku

Anga linalotoka weusi kwenda bluu iliyokolea linaonekana kama ngazi. Hesabu yake ni rahisi. Rangi moja ina hatua 256. Kama anga lako linatoka 0 hadi 20 tu, una hatua 21 za kugawana skrini yenye upana wa pikseli 1,920. Kila hatua inachukua pikseli zipatazo 91, na jicho linauona mpaka wake wazi, hasa gizani.

Dawa ni kuongeza chenga. Chembe ndogo sana za nasibu, zisizozidi hatua moja ya rangi, huuvunja mpaka, na jicho linaona mwendo laini. Playdead wa Denmark walipotengeneza Inside, gemu ya 2016 iliyojaa kijivu na weusi, waliweka chenga za namna hii karibu kila mahali mwanga unapokokotolewa, na walieleza kazi hiyo hadharani kwa watengenezaji wenzao. Godot inayo swichi ya Use Debanding kwenye mipangilio ya mradi, iwashe. Na usibane picha ya anga la usiku kwa kiwango kilekile unachotumia kwa ukuta wa matofali.

Mwanga unavuja ukutani, kivuli kinaelea

Haya ni ya kifundi, tuyapite haraka. Mwanga ukipenya kwenye pembe za chumba, ukuta wako ni bapa lisilo na unene, au picha ya mwanga uliookwa (uliokokotolewa mapema na kuhifadhiwa) ina pikseli kubwa kuliko ukuta. Upe ukuta unene, au weka boksi la kuzuia mwanga upande wa nje. Kivuli kikitengana na miguu ya mhusika kana kwamba anaelea, punguza kipimo cha Bias (kinachokisogeza kivuli mbali na kitu chake); ukuta ukianza kuonyesha michirizi ya pundamilia, kiongeze kidogo. Vyote viwili vikigoma, fupisha umbali wa vivuli. Ramani ileile ya kivuli, yaani picha ambamo injini huhifadhi vivuli, ikifunika mita 40 badala ya 200, kila mita inapata pikseli nyingi zaidi.

Simu inachemka kila usiku unapoingia

Usiku unahitaji taa nyingi ndogo, na kila taa yenye kivuli inailazimisha simu kuchora eneo upya kutoka upande wa taa hiyo. Kwa simu za bei ya kawaida acha taa moja tu itoe kivuli cha papo hapo, ile iliyo mkononi mwa mhusika. Nyingine zioke, au ziigize kwa duara laini la rangi lililochorwa chini ya balbu. Kwa gemu za bapa (2D) kwenye Godot, CanvasModulate ya kulitia giza eneo zima na taa chache za PointLight2D zinatosha kabisa.

Na usione aibu kutumia giza kuficha umaskini wa mashine. PlayStation ya kwanza ilikuwa na megabaiti 2 za kumbukumbu kuu. Silent Hill ilipotoka 1999, ukungu na giza vilizuia mashine isichore mji mzima kwa mpigo, na ule ukungu ndio watu wanaoukumbuka mpaka leo. Upungufu ulifichwa kwa kitu ambacho hadithi ilikihitaji. Simu ya kijana wa Mbale ina nguvu mara nyingi zaidi ya mashine ile.

Giza lipo, woga haupo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Skrini iko sawa, injini inatii, picha inapendeza, na mchezaji anapita kwenye giza totoro huku akipiga miayo. Kabla ya kugusa taa yoyote jiulize: giza hili linamgharimu nini mchezaji, na je, anaijua gharama hiyo kabla haijamkuta?

Zitazame gemu ambazo giza lake linafanya kazi, utakuta kila moja ina sheria unayoweza kuisema kwa sentensi moja. Kwenye Minecraft mwanga una viwango 0 hadi 15. Tochi inatoa 14, unapungua kimoja kwa kila boksi, na tangu toleo la 1.18 la 2021 majitu mengi ya ardhini huzaliwa pale palipo na 0. Mtoto anaijua sheria hiyo kwa mwili wake kuliko anavyoweza kuieleza. Kwenye Don't Starve ya 2013, ukiwa kwenye giza kamili bila moto, utapigwa. Amnesia: The Dark Descent ya 2010 imefunga fundo gumu zaidi: ukikaa gizani akili ya mhusika inavurugika, ukiwasha taa majitu yanakuona, na mafuta ya taa yanaisha. Hakuna mahali pa kupumzika, na mchezaji anajua kwa nini.

Doom 3 ya 2004 ilimlazimisha mchezaji achague: tochi au bunduki, si vyote. Wengi walikasirika, wakatokea wachezaji waliotengeneza nyongeza ya kufunga tochi kwenye bunduki, na toleo la 2012 likawaruhusu rasmi kubeba vyote. Mimi nasimama upande wa uamuzi wa mwanzo. Ule mkono unaosita kati ya kuona na kujilinda ulikuwa na woga ndani yake kuliko korido zote za gemu hiyo. Lakini hasira ya wachezaji nayo ilikuwa na hoja: ndani ya hadithi hakukuwa na sababu ya askari wa karne zijazo kushindwa kufunga tochi kwenye silaha yake. Sheria ya giza lazima iaminike kwa watu wa dunia ile.

Sasa linganisha na gemu yako. Kosa ninalolikuta zaidi ni giza sawasawa kila mahali. Jicho halina cha kulinganisha, linazoea, na baada ya dakika tano giza linakuwa rangi ya ukuta tu. Mpe mchezaji chumba chenye mwanga wa kweli, apumzike, aone kaunta na chupa na kalenda ukutani, kisha mtoe. Kosa linalofuata ni tochi isiyo na kikomo. Tochi kali inayofika mita 30 na haiishi betri inaondoa usiku na kuacha duara linalotembea. Ifupishe, ichoshe, au ifanye imvutie adui.

Kosa jingine ni kutumia giza kama pazia la kushtulia. Kitu kinaruka, mchezaji anapiga kelele. Kinaruka tena, anacheka. Mara ya tatu ameshajua mlango upi utatoa kitu. Mpe afadhali ishara isiyokamilika: mlango uliokuwa umefungwa alipopita, sasa uko wazi nusu. Akili yake itaongeza yaliyobaki, na itaongeza mabaya kuliko ambayo wewe ungeweza kuchora.

Kuna pia giza lenye kazi mbili zinazogombana. Thief: The Dark Project ya 1998 ililifanya giza kuwa makazi ya mchezaji: kito chini ya skrini kinaonyesha umeonekana kiasi gani, na mishale ya maji inazima mienge. Pale giza ni rafiki, na sakafu yenye mwanga ndiyo inayotisha. Alan Wake ya 2010 ililigeuza: mwanga ni silaha, giza ndilo adui. Zote mbili zinakubalika. Gemu isiyosema iko upande upi inamfanya mchezaji ajifiche sehemu ileile ambayo jitu linazaliwa, na atakapokufa ataona ameonewa.

Chukua mfano wa kwetu. Binti anapita kwenye shamba la migomba usiku kumfuata baba yake mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, ameshika tadooba, taa ndogo ya utambi. Mwali ule unaangaza mita mbili hivi. Upepo unaweza kuuzima. Zaidi ya hayo, aliyewahi kubeba taa ya utambi usiku anajua kwamba mwali ukiwa mbele ya macho unamtia kiwi: anaona kanga yake na majani ya karibu, mbali haoni. Akiukinga kwa kiganja, mbalamwezi inarudi na shamba zima linajichora polepole. Sheria tayari unayo: na taa unaona pa kukanyaga lakini huoni kinachokuja, bila taa unakiona kinachokuja lakini huoni pa kukanyaga. Ile kamera inayojizoesha niliyokuambia uizime, hapa irudishe. Iwekee mipaka, ipunguze kasi ichukue sekunde nne au tano, na ifungamanishe na kiganja cha binti.

Mchezaji anapotea, anazunguka mahali pamoja

Usimwongezee mwanga wa jumla, mpe alama. Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni Kalangala, unaona taa za wavuvi wa mukene (dagaa) zimepangana juu ya Ziwa Victoria. Wanavua usiku wa namna hiyo kwa sababu mbalamwezi ingeshindana na taa zao zinazowavuta samaki. Ziwa lenyewe hulioni, lakini kwa zile taa tu unajua maji yako wapi, yanafika mbali kiasi gani, na ipi iko karibu. Ndivyo unavyomwongoza mtu gizani: nukta chache zenye ukubwa na mwangaza tofauti, na katikati yake pasiwe na kitu.

Kama hutaki taa, tumia kivuli cha umbo. Limbo ya 2010 ina mvulana mweusi kabisa mwenye macho mawili meupe, na nyuma yake kijivu cha ukungu. Hakuna taa iliyomwelekea, na hapotei hata mara moja. Angaza kilicho nyuma ya kitu, kitu chenyewe kiache cheusi.

"Huu usiku si wa hapa"

Umejenga nyumba za mabati, umepanda migomba, umeegesha boda kando ya duka, na bado mwenzako wa Kasese anacheza dakika moja na kusema hapa ni Ulaya. Lawama iko kwenye jua na mwezi. Anga za tayari mara nyingi huja na jua lililolazwa pembeni, vivuli virefu hata adhuhuri, na machweo yanayokawia. Kampala iko chini ya nyuzi moja kutoka ikweta. Jua huchwea kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika kumi jioni mwaka mzima, tena hushuka karibu wima. Mwanga wa kuweza kusoma nje baada ya machweo hudumu dakika 21 au 22 tu. London mwezi Juni hudumu zaidi ya dakika 40. Ukitaka machweo ya Uganda, yakimbize. Adhuhuri weka kivuli chini ya miguu, na usiku wa manane wenye mwezi mpevu uweke mwezi juu ya kichwa, si kwenye upeo wa macho.

Rangi nazo zina makosa yake. Udongo wetu mwekundu hurudisha mwanga mwekundu kwenye kuta na kwenye nyuso mchana, kwa hiyo mwanga wa kurudi usiwe kijivu. Usiku wa mbalamwezi mambo yanageuka. Mwezi mpevu hautoi hata luksi 1, na kwa mwanga mdogo hivyo jicho hupoteza nyekundu kabla ya bluu. Barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu isiyo na lami, inakuwa kijivu kizito. Wekundu wake urudi tu taa ya boda inapopita, pamoja na vumbi linaloelea ndani ya mwanga huo. Kitu hicho kimoja, kikiwekwa sawasawa, kinasema Uganda kuliko bendera uliyoitundika kwenye duka.

Halafu taa zenyewe. Mjini usiku hakuna mwanga wa aina moja. Mwali wa tadooba na wa mshumaa uko karibu na kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 1,900, rangi ya chungwa. Balbu ya zamani ni 2,700. LED nyingi nyeupe za sola na za simu ziko karibu na 6,000, baridi kabisa. Pita Wandegeya, mtaa wa Kampala, saa tatu usiku: anayekaanga chapati ameangazwa kwa LED iliyoning'inia juu, mteja wake uso una bluu ya simu, na mama mwenye nyanya zilizopangwa chini ameweka taa ardhini, kwa hiyo kidevu chake kinang'aa na paji la uso limo gizani. Mtengenezaji anayezipa taa zote rangi moja na kimo kimoja ameufuta mtaa huo. Weka taa pale ambapo mtu angeiweka ili afanye kazi yake. Nyuma ya yote hayo taa za nyumba zipande kilima, zipungue kuelekea juu, na kilele kiungane na anga.

Usiku uko kimya

Giza bila sauti ni picha iliyofunikwa. Umeme ukikatika mtaani, sauti hubadilika kabla macho hayajazoea: friji linanyamaza, redio ya jirani inakatika katikati ya neno, mtaa mzima unatoa mguno mmoja, kisha vyura wa bondeni unagundua walikuwapo muda wote. Ukizima taa katika gemu, zima na mlio wa vifaa wakati huohuo, ucheleweshe vyura kwa sekunde mbili. Mara nyingi hiyo peke yake inamaliza lile lalamiko la "haitishi" bila kugusa taa hata moja.

Ndani ya gemu ni safi, kwenye video ni maboksi

Umerekodi dakika moja ya gemu, ukaituma WhatsApp, ikafika giza likiwa limevunjika vipande vya mraba. Programu za kubana video huokoa data kwa kupunguza undani sehemu nyeusi, zikidhani jicho halitaona. Zile chenga ulizoongeza kwenye anga nazo ni mzigo kwao, kwa hiyo kwa ajili ya video zipunguze. Rekodi nakala maalumu iliyoinuliwa mwangaza kidogo, chagua maeneo yenye chanzo cha mwanga ndani ya picha, epuka kamera inayogeuka haraka gizani, na uitume kama faili badala ya video ya kawaida ili isibanwe tena njiani. Kwa picha ya kuweka dukani, ipunguze mpaka iwe na ukubwa wa kidole gumba kwenye simu, toka nayo nje juani, uone kama bado kuna umbo linalosomeka.